Baiskeli Niliyoipaka Rangi ya Njano

Rukia mwanangu,

Nakuandikia nimekaa barazani, mapajani nimeweka ubao wa mama yako wa kukatia mboga ndiyo meza yangu, na betri ya baiskeli yako iko hapa miguuni inachaji. Taa ya chaja bado nyekundu. Nimemwambia mama yako nailinda isiibiwe, naye akaniangalia tu, maana nani ataiba betri alasiri hii na uwanja umejaa watu waliokuja kukuaga. Nilitafuta sababu ya kukaa peke yangu. Wewe umekwenda kwa mama yako mdogo kusukwa, na ukirudi magharibi sitaki unikute na kalamu.

Ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutokula kwa mtu usiyemjua, hayo mama yako ameshakwambia na shangazi zako wamerudia mpaka ukawa unaitikia kabla hawajamaliza. Siyagusi. Mimi nina jambo moja, na nimelizunguka tangu siku ile ulipoingia na karatasi mkononi unacheka, unasema, "Baba, nimepangiwa posto ya afya ya Mikwajuni." Wanawake walipiga vigelegele, muuguzi wao amepata kazi. Mimi nikasema nakwenda kuangalia maji kisimani. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya tairi bovu.

Naogopa, Rukia. Nalisema mapema ili usome ukijua. Tangu asubuhi nimekaza nati ya kiti chako mara nne, nikailegeza, nikaikaza tena. Mama yako amepita akasema, "Salumu, hiyo nati utaila." Si nati inayonisumbua. Ni kwamba kesho unakwenda kufanya kazi kwa watu niliowakosea, juu ya baiskeli ile ile niliyowakosea nayo, na wewe hujui.

Acha nianze na baiskeli yenyewe, maana jambo limo humo.

Unaukumbuka mwaka tuliokimbia mji huu. Ulikuwa na miaka kumi na tano, umebeba ndoo ya vyombo kichwani na viatu vyako vimebaki mlangoni. Kitu cha kwanza tulichosikia hakikuwa risasi. Zilikuwa pikipiki za wale watu wenye silaha, nyingi, zinakuja pamoja. Tukavuka Ruvuma kuingia Tanzania, tukakaa Mtwara kwa babu yako, na tuliporudi tukakuta kuta bila paa. Nikaanza tena biashara niliyoijua: kununua spea za baiskeli Mtwara, kuvuka nazo mpakani Namoto, kuziuza sokoni hapa na huko vijijini. Wenzangu wakaniambia, Salumu, nunua pikipiki, utafika mbali kwa siku moja. Nilikataa. Wewe nilikwambia ni kwa ajili ya petroli, leo ipo kesho haipo. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote. Pikipiki ikinguruma nyuma yangu, hata leo, siwezi kuendelea kutembea. Mara ngapi umeniona njiani nikiinama kufunga kamba ya kiatu? Nilikuwa nangoja ipite.

Ndiyo maana siku nilipoiona ile baiskeli ya umeme Mtwara, imeegeshwa mbele ya duka, nilisimama. Muuzaji akaiwasha, akapanda, akazunguka uwanja mzima na hapakuwa na sauti yoyote ila changarawe chini ya matairi. Rukia, mimi niliipenda kwa kile kimya. Sikuuliza kingine cha maana. Nilifurahi pia kwamba bomba lake la katikati limeshuka chini, nikapanda bila kuuinua mguu juu, maana goti langu la kulia unalijua. Binamu yangu Hamisi alikuwepo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka Salumu, umevuka mto kuja kununua baiskeli ya kike?" Nikamwambia goti halina jinsia, nikatoa pesa.

Muuzaji aliniambia, "Mzee, betri ikijaa hii inakwenda kilomita sitini." Sikumuuliza sitini za wapi, na kuna nani mgongoni. Sitini zake zilikuwa za lami, upepo umelala, na kijana mwembamba asiye na mzigo. Mimi nilifunga maboksi mawili ya minyororo na pedali nyuma, nikaingia njia za mchanga, na safari ya kwanza kabisa ikanizimikia nikiwa katikati ya mikorosho. Matairi yake yalikuwa membamba, yanazama. Baiskeli ya kawaida ukichoka unaisukuma tu. Hii ikizima unasukuma na mota na betri, ni kumvuta mbuzi aliyegoma. Nilifika nyumbani watu wanatoka isha, nikamwambia mama yako nimechelewa kwa wateja.

Kwa hiyo usinione fundi. Kila kizuri ulichokiona kwenye baiskeli hii kimetoka kwenye ujinga wangu. Matairi mapana niliyaweka baada ya kuzama. Betri unayoiona ni ya pili. Ya kwanza niliichaji kwa chaja ya jirani kwa sababu kichwa chake kiliingia vizuri, nikaiacha juani chini ya bati mchana kutwa, nikaikuta imevimba na inanuka. Nilishukuru kwamba haikuwaka moto nyumba ikiwa na watu. Tangu hapo mimi huichaji kivulini, kwa chaja yake mwenyewe, na mtu yupo. Na hesabu yangu ya safari siku hizi ni nusu ya alichosema muuzaji, tena nikishaona nusu imekwisha nageuza kichwa nyumbani, hata kama mteja ananiita. Wewe utakuwa na vitongoji vitatu vya kuzungukia, na paneli za jua za posto zina friji ya chanjo inayozitegemea. Siku ya mawingu betri yako itangoja. Siku hiyo kubali kwenda kwa miguu au kutokwenda. Nakujua, utataka kwenda. Una kichwa cha bibi yako.

Haya nimeyaandika bila kusimama. Ya betri nayaweza. Sasa lile lenyewe.

Nilipoizoea baiskeli nikaanza kujivuna nayo. Kengele yake ilikuwa inatikisika kwenye mashimo, ikitoa mlio mdogo, nikaifungua nikaitupa kwenye boksi. Bati la tope lilikuwa linagonga, nikalikatia mpira nikaupachika. Kila kilicholia nilikinyamazisha. Nilikuwa napita njia za mashamba kimya kabisa, ndege hawaruki, na kwa mara ya kwanza tangu turudi nilikuwa nikisafiri bila kusikia kitu kinachonikumbusha. Nilisema moyoni, Salumu, umepona. Kumbe nilijitibu mimi nikawasahau wenzangu.

Watu wa Mikwajuni utawajua mwenyewe. Ukikaribia shamba la mtu unapiga hodi ungali mbali, unangoja uitikiwe karibu, ndipo unapita. Zamani ilikuwa adabu tu. Tangu wale watu watoke msituni na kuchoma nyumba, imekuwa zaidi ya adabu. Mtu mwema hutangaza kuja kwake. Anaongea, anaimba, anakohoa, anaburuta jembe. Anayekuja kimya ndiye wa kukimbiwa. Mimi nalijua hilo tangu nizaliwe pwani hii upande wa pili wa mto, nimelifanya maisha yangu yote, na siku ile sikulifanya.

Ilikuwa wakati wa kuvuna mihogo, saa nne asubuhi hivi. Vumbi lilikuwa jingi, nimejifunga shali usoni, macho tu yanaonekana. Baiskeli ilikuwa nyeusi, unakumbuka, nyeusi tii. Nilikuwa nateremka kile kilima kidogo kabla ya kisima chao, kasi imenoga, na mbele yangu shambani kuna Bi Atija na wakaza wanawe wawili, wameinama, wamenipa mgongo. Huyu Bi Atija si mtu baki kwangu. Nilikuwa nikifika kwake ananipa maji na muhogo wa kuchoma, nami namletea raba za breki za mwanawe kwa bei ya kununulia. Ningetamka neno moja tu angeijua sauti yangu. Nilikuwa najisemea nikifika karibu nitamsalimu.

Akageuka mwenyewe. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Sijawahi kusikia mtu akilia namna ile, na nimesikia mengi. Alitupa jembe akakimbia, wale wakaza wana wakakimbia, na kule nyumbani waliosikia hawakungoja kuuliza. Nilimwona Bi Atija akiangukia kwenye shimo walilochimba udongo wa nyumba. Sasa nisikilize, Rukia, maana hapa ndipo lilipo kosa langu. Kumshtua mtu ni bahati mbaya, mtu unateremka, unavua shali, unapaza sauti, "Jamani ni mimi, Salumu wa spea," mnakaa chini mnacheka na kulia, yanakwisha. Mimi sikuteremka. Wao walipokimbia, mimi nami niliogopa. Niliona nitakatwa mapanga kabla sijajieleza, au vijana wa ulinzi wa kijiji wenye bunduki watakuja wapige kwanza. Niligeuza baiskeli nikarudi nilikotoka, mbio kadiri ya mota, na Bi Atija nimemwacha shimoni.

Nyumbani niliosha baiskeli. Wewe ndiye uliyeniletea maji ya kuosha.

Kesho yake niko sokoni, meza yangu nimepanga, akaja mteja wangu mmoja wa kule, amebeba godoro kichwani, mkewe nyuma yake na watoto. Nikamuuliza kulikoni.

"Wamerudi, Mzee Salumu. Wamekuja Mikwajuni jana mchana kweupe."

"Nani kawaona?"

"Wanawake wamewaona. Watano. Wana pikipiki za siku hizi, hazilii. Zinatokea tu."

Mwenye meza ya jirani akadakia kwamba yeye amesikia ni saba. Mimi nilikuwa nimeshika mnyororo mkononi. Nilikuwa na nafasi pale pale, mwanangu, mtu yuko mbele yangu, mtoto wake mdogo amesinzia akiwa wima. Nikafungua mdomo nikasema, "Mungu atunusuru." Hayo ndiyo niliyoyasema. Nikawapa watoto maandazi.

Kijiji kizima kililala msituni siku mbili, na mvua ilinyesha ya pili yake. Bi Atija walimtoa shimoni jioni ile, nyonga imevunjika, na kwa kuwa njia iliogopwa, siku ya tatu ndipo walipomleta mjini wamembeba juu ya kitanda. Haikuunga sawa. Mafundi waliokuwa wakiikarabati posto waliacha saruji ikagandia kwenye mifuko, wakaondoka, na hawakurudi mpaka mwaka ulipogeuka. Ile miezi uliyokaa hapa nyumbani na cheti chako, unafua, unanung'unika kwamba serikali imekusahau, ilikuwa miezi hiyo. Kila ulipoguna nilitoka nje. Mama yako alidhani nimechoka na maguno yako.

Mimi niliendelea kujiambia nitakwenda wiki ijayo. Kwanza watulie. Kwanza mvua zipite. Kwanza mwezi mtukufu. Mtu akichelewesha neno, kila siku inayopita inakuwa nayo kosa jipya la kuelezwa, na mimi nikawa naogopa zaidi kueleza kuchelewa kuliko kueleza jambo lenyewe. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue kwangu, kama kuna la kuchukua. Sikufundishi, nakuonesha nilipoteleza. Neno lilelile lingenigharimu aibu ya asubuhi moja.

Ulipopangiwa huko nikasema sasa Mungu ananicheka. Nikakupa baiskeli kwa sababu sikuwa na uwezo wa kukupa kingine, na kwa sababu mama yako alishaapa hutapanda pikipiki akiwa hai. Halafu nikaipaka rangi. Uliniuliza, "Baba, kwa nini njano?" Nikakwambia ndiyo rangi uliyoipenda ulipokuwa mdogo. Ukanikumbatia. Rukia, nilikudanganya. Niliipaka njano ili isijulikane. Uliipenda kweli njano ulipokuwa mdogo, lakini siyo sababu niliyoshikia brashi.

Na kile kikopo cha maziwa chenye nati ndani, nilichokifunga kwa waya chini ya kiti, jana ulikijia juu. "Baba, hiki kinaniaibisha, nasikika nikiwa bado nyumbani, watasema infermeira, muuguzi wao, amekuja na gari la chuma chakavu." Nikakwambia nimekiweka kwa muda, kuna kitu nakipima, nitakitoa. Sikipimi kitu. Kikopo ni chako na kengele ni yako, nimekurudishia ile ile niliyoitupa kwenye boksi, nimeitia mafuta. Watu wakisikia kikopo kutoka kule mbali njiani, kwenye mkorosho mmoja uliopasuka, watakuwa na muda wa kuinuka, kufuta mikono na kusema karibu. Wacha wakucheke. Mtu anayekucheka hakuogopi.

Sasa nikwambie aibu ya mwisho. Nilipoanza barua hii nilikuwa nakuandikia ombi. Nilitaka kukuomba wakikuuliza wewe binti wa nani, useme wa kaka yangu marehemu. Jina la ukoo ni hilo hilo, usingekuwa umedanganya sana. Karatasi ya kwanza niliiandika hivyo. Mama yako akapita na sinia la mchele, akasimama.

"Unamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Salumu." Akaweka sinia chini. "Mtu hanyamazishi baiskeli mwaka mzima, halafu ghafla anaifunga kikopo. Na rangi ya njano umeipaka usiku, hujui hata kama mwanao anaitaka. Mimi niliosha ile shali yako ya vumbi. Nilisikia ya Mikwajuni sokoni kama ulivyosikia wewe."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kula muhogo."

Sikuwa nimejiona kwamba nimeacha kula muhogo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa ananingoja, na kwamba amechoka kuningoja, na kwamba hatamruhusu mwanawe aende kutibu watu akiwa na jina la kuazima. Akachukua sinia lake akaenda. Ile karatasi ya kwanza nimeichana. Vipande viko chini ya ubao huu.

Basi nimeamua hivi. Kesho nikitoka msikitini baada ya alfajiri, kukipambazuka, sitarudi nyumbani. Nitashika njia ya Mikwajuni kwa miguu. Nitamwachia mama yako barua hii akupe utakapokuwa umeshafungasha, kabla hujapanda. Mizigo yako mikubwa itafuata na gari la dawa. Wewe utaondoka saa mbili kama tulivyopanga, na mimi nitakuwa nimetangulia. Nitakwenda kwa Bi Atija. Nitapiga hodi nikiwa mbali na shali iko mfukoni, nitamwambia mimi ndiye wale watano, mimi ndiye wale saba. Kisha nitakaa chini ningoje atakalosema.

Sijui atasema nini. Nimelifikiria kila upande. Anaweza kunisamehe, ana moyo huo, ila nami sitaki kumpangia. Wanawe wanaweza kunipiga. Mwenyekiti anaweza kuniita mbele ya watu wote, na hilo ni haki yao. Linaloniumiza zaidi ni kwamba wanaweza kusema, basi na binti yake hatumtaki, chukua baiskeli yako na mwanao mrudi mjini. Kazi uliyoisubiri ninaweza kukuharibia kwa mara ya pili kabla hujaweka mkoba chini. Nimejiuliza kama nina haki ya kufanya hivyo bila kukuuliza. Sina.

Kwa hiyo nakuuliza. Goti langu unalijua, mimi ni mwenda pole, nitapumzika kila mara. Kwa baiskeli yako utanifikia kabla ya kisima. Ukinifikia ukasema, "Baba, rudi," nitarudi, na sitakulaumu, wala leo wala siku nyingine, na wewe utaingia kijijini upendavyo kwa jina upendalo. Naomba usiseme. Nakuomba kama mtu mzima mwenzangu, siyo kama mtoto wangu. Utakuwa unawatoa watu risasi na kuwazalisha, watakuvulia nguo na kukueleza siri ambazo hawamwambii hata mke au mume. Watawezaje, ikiwa wewe mwenyewe umeingia kwao umefunikwa?

Bi Atija atakuja kwenye foleni yako na fimbo yake. Utaona anavyotembea. Mwangalie ile nyonga, mwanangu. Usimwangalie kwa huruma ya mtoto wa mkosaji, mwangalie kama infermeira. Kama kuna zoezi, kama kuna dawa ya maumivu, kama kuna barua ya kumpeleka hospitali kubwa Pemba, ule mji wa huku huku Msumbiji, fanya. Hiyo ni kazi yako na utaifanya vizuri. Yangu ni ile nyingine.

Mengine ya baiskeli yamo kwenye mkoba mdogo chini ya bomba: mipira miwili ya ndani, pampu, spana ya gurudumu la nyuma. Ukipata pancha nyuma, chomoa kwanza waya wa mota, una kiungio karibu na mhimili. Mimi siku ya kwanza nilivuta gurudumu na waya wake, nikaukata. Na hewa hii ya chumvi inakula vyuma vya umeme, futa viungio kwa kitambaa kikavu. Unaona, nimerudi tena kwenye vyuma. Nikiogopa narudi kwenye vyuma.

Sikukupeleka Pemba ulipokwenda kusoma, nilisema nina mzigo Namoto. Nilikuwa sina mzigo. Niliogopa kuliona gari likiondoka na wewe ndani, kwa sababu gari la mwisho nililolitazama likiondoka na mtu wangu lilikuwa la kaka yangu siku ile tulipokimbia. Ulipunga mkono dirishani kuelekea mlangoni, ambapo mimi sikusimama. Mama yako aliniambia. Nimekuwa baba mwenye kujificha, Rukia, wakati mwingine nyuma ya mzigo, wakati mwingine nyuma ya kamba ya kiatu. Kesho pia sitakuwepo mlangoni, lakini safari hii si kwa kujificha.

Taa imekuwa kijani. Nimeitazama sasa hivi. Nasikia sauti yako kule kona, unacheka na mama yako mdogo, na mwadhini bado. Nitachomoa chaja, nitarudisha betri mahali pake, nitakaza ile nati mara ya tano, na tutakula wote, haya utayajua kesho kwenye barua.

Kesho usifungue kile kikopo. Njia ile nami sijaipita tangu siku ile, na nitakuwa peke yangu, kila jani litakalotikisika litanigeuza shingo. Nitakuwa natembea upande wa kushoto, taratibu. Nikisikia zile nati zinalia nyuma yangu, nitajua ni wewe, na sitainama kufunga kiatu.

Baba yako,
Salumu